Aliyemzika Mama Yake Bila Kinanda

Jumapili ile Mchungaji Whitlow alipotangaza kwamba binti wa marehemu Mama Gaskins atakuja kuimba kwenye mazishi, hakumtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alisema "Thea Gale," akalivuta hilo jina la majukwaani kama mtu anayelamba asali ya jirani. Kanisa zima likaitika, "Amina!" Hata Dada Hortense Pruitt, mpiga kinanda wetu, aliitika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na glavu zangu nyeupe. Nilimkazia macho Hortense mpaka shingo ikamwasha, akajikuna.

Maana huyo Hortense ndiye aliyesimama ndani ya kanisa hilohilo, enzi hizo bado ana kiuno, akamnyooshea binti huyohuyo, Theola Gaskins, kidole na kusema chombo kichafu hakinyweshi watu wa Mungu.

Tangu mume wangu Roscoe aungue kwenye tanuri la kiwanda cha chuma, nimekuwa mkuu wa wahudumu wa mlango katika Kanisa la Mlima Nebo, pale Wylie Avenue, Pittsburgh. Kazi yetu ni kusimama. Mkono wa kushoto unakaa mgongoni, wa kulia unaonyesha watu viti. Wakati wa sala glavu ikiinuka hapiti mtu, awe shemasi, awe gavana. Na mhudumu akiwa zamu haimbi, hazungumzi, hapigi makofi. Roho akimshukia, amwombe angoje mpaka ibada iishe. Mtu aliyekatazwa kufungua mdomo hubakiwa na macho, na macho yangu hayajawahi kusinzia kanisani. Nimeona mashemasi wakikoroma wakati wa toba. Nimeona akina mama wakipimana kofia badala ya kuyafumba macho yao.

Theola nilimwona akikua. Baba yake, Shemasi Asa Gaskins, alitoka Alabama na vitu viwili, kikohozi na nyimbo za kale. Nyimbo hizo hazina kinanda wala kitabu. Mtu mmoja hutamka mstari upesi, kama anayeita watu shambani, kisha kanisa zima linaupokea na kuuvuta polepole, kila mmoja kwa njia yake, mpaka neno moja linakuwa safari nzima. Babu zetu waliimba hivyo kwa kuwa walikatazwa kusoma. Yule anayetamka mstari tunasema ameuinua wimbo. Lakini akiuinua na asipate wa kumwitikia, ni sawa na mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Theola alisimama ubavuni mwa baba yake tangu alipokuwa na kimo cha meza. Shemasi alipokufa, msichana ndiye aliyeuinua wimbo kaburini, na wanaume waliokuja kwa ajili ya chakula tu walivua kofia.

Kisha yakazuka ya kilabu. Ilisemekana Jumapili yuko kwenye kwaya na Jumamosi anaimba jazi Fullerton Street, mahali pa walevi. Mimi sisemi kilabu ni mahali pema. Sijawahi kukanyaga huko na sitakanyaga. Lakini wale waliompelekea habari mchungaji wa wakati ule, walijuaje alichoimba? Hortense aliijua hadi rangi ya viatu. Mtu aliye nyumbani kwake akisoma Biblia haijui rangi ya viatu vya mwimbaji wa kilabuni.

Wakamwambia Theola asimame mbele ya watu atubu.

"Nitubu nini?" akauliza. "Sauti ni ileile. Mlipoisikia hapa mlilia."

Wakamtenga. Mama yake, Permelia Gaskins, aliinama akaiokota kofia ya mwanawe iliyoanguka, akaipangusa kwa kiwiko, akampa mlangoni. Jumapili iliyofuata alirudi peke yake akaketi kiti chake cha tatu, upande wa dirisha, kama kawaida. Nilimuuliza anawezaje kuketi na watu hawa. Alinijibu, "Ozella, nyumba ni ya Mungu. Hawa ni wapangaji tu."

Yaliyofuata niliyapata kwake, kwenye kamba za nguo. Tulikuwa majirani, na katika mji huu ukianika shuka asubuhi, adhuhuri unaifua tena kwa masizi ya viwanda, kwa hiyo wanawake tulikuwa na muda mrefu wa kuzungumza. Theola alikwenda New York akajiita Thea Gale. Bendi ya Wazungu ikamchukua, na kabla yake hakuna mwanamke wetu aliyewahi kusimama mbele ya bendi ile. Wanaume wa bendi walilala hotelini. Yeye alilala kwa wajane wa watu weusi ng'ambo ya reli, na jukwaani alipandia kwa mlango wa jikoni, akipita katikati ya masufuria akiwa na gauni lake la hariri.

Katika hoteli moja waliweka pazia jukwaani, ili wageni wamsikie lakini wasimwone. Akaketi kwenye ngazi, akatoa tofaa mkobani, akaanza kula. Bendi ikapiga utangulizi. Ikapiga tena. Tofaa likaisha, akatoa jingine. Mwisho wakaliondoa pazia. Ukienda kwa vinyozi wa mtaani kwetu, kila mwanaume atakuapia kwamba alikuwapo hotelini siku hiyo, hata wale waliokuwa gerezani.

Baadaye akawa na kipindi chake redioni, kwa jina lake mwenyewe. Watu wa sinema walimpa aproni ya mtumishi avae. Akairudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akawaambia haimtoshi. Kisha zikaja zile nyimbo za mapenzi zilizomtajirisha, laini kama uji wa mgonjwa, zimejaa fidla. Mimi sikuzipenda, na sijaanza kuzipenda leo. Mwanamke mzima anamlilia mwanaume aliyeondoka na mvua! Wangu aliondoka na moto, na sikumwimbia mtu.

Lakini hata mimi nililisikia jambo moja. Alikuwa akichelewa. Bendi imekwisha kufika kwenye neno, yeye bado yuko nyuma analivuta, analizungusha, halafu analiweka mahali pake wakati umeshakata tamaa. Magazeti yalisema huo ni uvumbuzi wa Thea Gale, mpya kabisa duniani. Mama Gaskins aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mpya! Huyo ni Asa wangu, kasoro kikohozi."

Na mtaa nao ukageuka. Waliokuwa wakivuka barabara wasimsalimu mama yake sasa walivuka barabara kumsalimu. Hortense alitundika picha ya Thea Gale kwenye saluni yake, kati ya kioo na kalenda, akawa anawaambia wateja, "Mimi na yeye tumelelewa pamoja kwaya moja." Hakuwaambia mwenzake aliondokaje kwenye kwaya hiyo.

Hapo ndipo alipokuja Mchungaji Whitlow. Ni mtu nadhifu, mikono laini, na ananukia karafuu. Alituletea kinanda chenye mabomba ya dhahabu bandia, na joho jipya kwa kila mwanakwaya. Akazipiga marufuku nyimbo za kuvuta. Alisema ni mayowe ya mashamba ya pamba, na sisi si watu wa pamba tena, wageni wakitusikia watatucheka. Bibi zetu waliozaliwa katikati ya pamba, ambao mama zao walijifungulia kwenye mitaro ya pamba, walitazama mapaja yao wakasema amina. Whitlow nilimdharau tangu siku ya kwanza, lakini yeye ni mgeni wa mambo yetu. Wao waliona haya kwa sauti za mama zao wenyewe, na hilo limenikaa kooni mpaka leo. Ikawa Wazungu wanasimama na kumpigia makofi Theola kwa kitu ambacho sisi tumekitupa jalalani.

Serikali ya mji ilipobomoa nyumba za upande wa chini wa mtaa wetu, nyumba ya Gaskins ikaenda pamoja nazo, na Mama Gaskins akahamia chumba changu cha nyuma. Theola alitaka kumchukua New York. Akakataa. Alisema hawezi kwenda kufia mahali ambapo hajui nani amekaa kiti gani kanisani. Alifia kwangu, Februari, mchana, nikimsomea Zaburi. Na kabla ya hapo alinishika mkono akanipa wasia wake.

*

Theola alifika Alhamisi kwa tramu, si kwa gari, nikampa alama moja kwa hilo. Nilimpunguzia mbili kwa koti la manyoya na nywele za rangi ya shaba. Ameolewa mara tatu, na hapakuwa na hata mwanaume mmoja wa kumbebea sanduku.

Alisimama mlangoni pa jikoni akanitazama.

"Mama Pettiford. Bado una uso wa askari wa forodha."

"Na wewe bado una mdomo. Vua hilo koti. Jikoni kwangu hajawahi kuingia mnyama mzima."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka, akaketi na kulia kwa muda. Nilimwacha. Nilimwekea kahawa na mkate wa mahindi. Alipomaliza aliufuta uso kwa taulo langu la vyombo, rangi zote za macho zikabaki hapo.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema asiimbiwe na kinanda. Anautaka wimbo wa baba yako, na uuinue wewe."

Theola akakiweka kikombe chini.

"Mchungaji amenipigia simu. Anataka niimbe ule wangu wa mvua. Anasema nikiweka 'Mwokozi' mahali pa 'mpenzi' utafaa kanisani."

"Usinichekeshe, nyumba ina msiba."

"Ndivyo alivyosema! 'Badilisha tu neno moja, Dada Gale.'"

"Mwokozi ameondoka na mvua?"

"Na hajaandika barua," akasema, tukacheka wote wawili, Mungu atusamehe, huku marehemu amelala nyumba ya mazishi mtaa wa pili.

Kisha nikamwona anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona Theola Gaskins akiogopa, hata siku ya kutengwa.

"Kuuinua nitauinua," akasema. "Nani ataitikia? Mama aliniambia mmeziacha. Nimesimama mbele ya watu wengi, Mama Pettiford, nimezomewa, nimetupiwa chupa. Lakini niutamke mstari wa baba juu ya jeneza la mama yangu, halafu kanisa linikodolee macho tu? Nitakuwa nimemwaibisha ndani ya nyumba aliyokaa miaka yote hiyo kwa ajili yangu. Bora niimbe huo upuuzi wa mvua."

"Watu wazima bado wanazijua."

"Kuzijua si kazi. Je, watafungua mdomo?" Akaniinamia mezani. "Wewe utaitikia?"

"Mimi nitakuwa zamu. Mhudumu wa mlango haimbi."

"Hata mama yangu akiwa ndani ya sanduku?"

"Hapo ndipo kanuni inapopimwa," nikamwambia. "Tena wewe huijui sauti yangu. Roscoe, Mungu amrehemu, alikuwa ananiomba nisali kimoyomoyo."

Hatukuwa tumemaliza kahawa Mchungaji Whitlow alipobisha, na Hortense nyuma yake amebeba keki. Hortense alimkumbatia Theola kabla Theola hajasimama, kwa hiyo alikumbatia kichwa.

"Dada yangu! Mwenzangu! Hujabadilika hata kidogo!"

"Wewe umebadilika, Hortense," Theola akasema. "Mara ya mwisho ulikuwa umenyoosha kidole."

Hortense akaitazama keki kana kwamba keki ndiyo iliyosemwa.

Mchungaji akakohoa. "Hayo ni mambo ya kale, Dada Gale. Yaliyofanywa na uongozi uliopita. Tumezungumza na mashemasi, tutakurudisha kundini kimya kimya, bila usumbufu."

"Mlinitenga kwa kelele, mnirudishe kwa kunong'ona?"

"Basi kwa hadhara!" akasema, na uso wake ukang'aa. "Vema zaidi! Nikupe mkono wa kuume wa shirika mbele ya watu wote. Bwana wa gazeti atakuwapo na kamera yake."

Nilijua. Nilikuwa nikingoja kamera itokeze pembe zake, nayo ikatokeza.

"Nimekuja kumzika mama yangu, Mchungaji," Theola akasema. "Nitaimba. Wimbo gani, niachie mimi."

"Lakini ratiba imekwisha kuchapwa." Alisema kwa upole, kama daktari wa meno. "Na tafadhali, yale mambo ya shambani hapana. Tutakuwa na wageni wa mjini. Watu wetu hawaimbi vile tena, watakuacha peke yako, na mimi sitaki uaibike. Ukikwama usiwe na wasiwasi. Dada Hortense yupo kwenye kinanda, ataingia na wimbo wako wa mvua, nawe utaufuata."

"Najua funguo zake zote," Hortense akasema. "Nina santuri zako zote."

Walipoondoka Theola aliitazama keki ya Hortense, akaisukuma mpaka ukingoni mwa meza. Mimi nikamalizia kuisukuma. Ilikuwa imekauka kama tofali, hata sakafuni haikupasuka.

*

Jumamosi kanisa lilijaa hadi ngazi za nje. Theluji ilikuwa imechanganyika na masizi, viatu vya watu vikaacha tope jeusi kwenye zulia jekundu la Whitlow, na sikulisikitikia. Niliwapanga. Akina mama wa kanisa wamevaa nyeupe, wako mbele kushoto. Wageni wa mjini wako katikati. Wale waliokuja kuona koti la manyoya niliwaweka nyuma ya nguzo.

Whitlow alihubiri. Nilisubiri amtaje Mama Gaskins, naye alimtaja, kama mtu anavyotaja mlango aliopitia. Mahubiri yote yalikuwa ya Thea Gale, nyota ya watu wake, tunda la Mlima Nebo. Tunda! Mti uliolitupa lile tunda ukiwa wa kwanza kulidai, ujue kuna kikapu cha sadaka karibu.

Ndipo akasema, "Na sasa, wapendwa," akamnyooshea mkono. Yule bwana wa gazeti akasimama pembeni ya ukuta na kamera yake.

Theola alivua koti akaliacha kitini. Alikuwa na gauni jeusi la kawaida kabisa. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono juu yake, akautamka mstari wa baba yake, upesi na kavu, kama Shemasi Asa:

"Mto ni mpana, Bwana, na daraja silioni!"

Akangoja apokelewe.

Hakuna aliyempokea.

Ukimya wa kanisa lililojaa ni mzito kuliko wa kanisa tupu. Wageni wa mjini walidhani anazungumza tu. Vijana wakatazamana. Nikawatazama akina mama waliovaa nyeupe. Walikuwa wanaujua. Mama Tolliver, mkubwa wao, midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama mtu anayetafuna kwa siri. Wote wakatazama mapaja yao, vilevile kama siku ile ya amina.

Theola akautamka tena. Safari hii mwisho wa mstari ulimtetemekea. Mkono wake juu ya jeneza ukafumba ngumi. Niliona kidevu kikipanda, na nikajua anahesabu pumzi kabla hajakubali kushindwa.

Whitlow akamtikisia kichwa Hortense. Hakukasirika, alitabasamu. Alikuwa ameambiwa na moyo wake kwamba itakuwa hivyo, na mambo yanapokuwa alivyosema, hata msiba humfurahisha. Hortense akanyanyua vidole, akavipanga juu ya funguo, na kidole kilekile alichomnyooshea Theola kikatangulia wenzake.

Nilikuwa mlangoni. Mkono wa kushoto mgongoni. Kanuni ya zamu niliijua, nimewafundisha wengine, na kuna msichana niliwahi kumrudisha nyumbani kwa sababu alitikisa mguu tu. Nilimtazama Hortense, nikatazama sanduku. Nikafungua mdomo.

Sitaremba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango wa ghala. Nilianza chini mno, nikaupanda mstari kama mwanamke mnene anayepanda ngazi na gunia la makaa: "Mtooooo…" Kanisa zima likageuka. Mmoja wa mashemasi aliamka. Sikukoma. Nililivuta neno la kwanza mpaka pumzi ikaniishia, nikavuta nyingine, nikaingia neno la pili.

Na nadhani Mama Tolliver hakuvumilia. Mpaka leo naamini aliingia ili kuuokoa wimbo na mimi. Aliupokea kutoka juu, sauti nyembamba ya kizee, akaushika akaunyoosha mahali nilipokuwa nimeupinda. Aliye karibu naye akaingia. Kisha wote waliovaa nyeupe, kisha wanaume wa Alabama na Georgia waliokuwa nyuma, wale wa viwandani, na sauti zao za chini zikatembea sakafuni nikazisikia kwa nyayo. Hortense alibonyeza. Kinanda kilitoa sauti moja, kama mbuzi aliyekanyagwa, na hakikujua pa kwenda, maana wimbo ule hauna funguo za kuufuata. Akaiondoa mikono akaikalia.

Theola alikuwa amefumba macho. Akatamka mstari wa pili kabla wa kwanza haujatua, na safari hii hakungoja hata kidogo.

Yule bwana wa gazeti akakurupuka kukimbilia mbele na kamera. Niliinua glavu. Alisimama mguu mmoja hewani. Gazeti lake ni gazeti, lakini mama yake alimlea kanisani, na mtu aliyelelewa kanisani hapiti glavu.

Tuliuimba mpaka mwisho, na mwisho wake si mahali, ni kuchoka. Mama Gaskins akabebwa nje tukiwa bado tunanguruma kwa midomo iliyofungwa, miguu ikigonga sakafu. Nilifungua mlango kwa mkono wangu.

*

Chakula kilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kuku na makaroni na sukuma wiki iliyopikwa pamoja na mguu wa nguruwe. Watu walikuwa wanapiga kelele kama waliotoka kuogelea. Kila mzee sasa alikuwa na hadithi ya mama yake na wimbo ule. Walikuwa nazo wapi miaka hiyo yote?

Mchungaji Whitlow alipasua kati ya meza, amemshika yule bwana wa gazeti kwa kiwiko. Akasimama mbele ya Theola, akaunyoosha mkono wa kuume, akageuza uso upande wa kamera.

"Dada Gale. Kwa niaba ya Mlima Nebo, karibu tena kundini."

Theola alikuwa na sahani mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Aliitazama sahani, akakitazama kikombe.

"Mikono yangu imejaa, Mchungaji," akasema.

Mchungaji akangoja, mkono ameunyoosha. Theola akauma paja la kuku, bila haraka, mwanamke aliyejifunza kula mbele ya watu wanaongoja. Hatimaye Whitlow aliushusha mkono wake, akaupangusia joho kana kwamba ulikuwa umelowa.

Theola alinifuata nilipokuwa nakusanya vikombe.

"Mama Pettiford, sauti yako ni mbaya kupita nilivyoambiwa."

"Nilikuonya. Na wewe mstari wa tatu umeuharakisha. Ni hizo redio."

"Kweli?"

"Baba yako angekurudisha mwanzo."

Akaniinamia akanibusu paji la uso, akaniachia rangi ya mdomo hapo, nikaisugua kwa aproni mpaka ngozi ikauma. Akaondoka na treni ya jioni ile. Bado haimbi vitu ninavyoweza kuvisikiliza.

Gazeti lilitoka na picha. Theola yuko pembeni, nusu ya uso. Katikati yupo Mchungaji Whitlow, ule mkono ameunyoosha, mdomo wazi, na chini yake pameandikwa kwamba aliongoza kanisa katika wimbo wa kale wa mababu zetu. Tangu hapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tuna wimbo wa kuvuta. Anautangaza yeye mwenyewe, na husema aliupenda tangu utotoni.

Kuhusu mimi, Hortense alilipeleka suala langu mbele ya mashemasi. Mhudumu wa mlango ameimba akiwa zamu. Walitegemea nijitetee. Nilisema ni kweli, kanuni ni kanuni, nikavua glavu nikaziweka mezani mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa pa kunyooshea kidole.

Sasa siko zamu tena. Naketi kiti cha tatu, upande wa dirisha, alipoketi Mama Gaskins, na mtu anayeketi anaruhusiwa kuimba. Naimba nyimbo zote, za kitabu na zisizo za kitabu, kwa nguvu alizonipa Bwana. Kinanda kiko hatua chache tu kutoka kiti hicho. Hortense ameomba mara mbili kihamishwe, lakini mabomba yamejengewa ukutani.